Mitumba ya Njia ya Zamani, Sindano za Leo

Maneno ya Mweka Hazina katika mkutano wa harambee wa mwaka, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, wageni waalikwa, wana-Tabora wenzangu wa Nzega, Igunga, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua na wa mjini. Na ninyi watani zetu Wazaramo, wenye mji huu, mliowapokea babu zetu wakishuka pwani na mizigo mabegani na bado mnatupokea sisi tukishuka na mabegi ya magurudumu: Mwangaluka!

Katibu amenipa dakika ishirini. Kwa kawaida mweka hazina huitwa mwisho, watu wakiwa wameshashika funguo za magari mkononi. Anasoma mapato, anasoma matumizi, anapigiwa makofi ya huruma, anakaa. Mwaka huu nimeomba nisimame kabla ya chakula, kwa sababu nina jambo la kukiri na nina jambo la kuomba, na siwezi kuomba kabla sijakiri.

Kwenye karatasi za mahesabu mlizopewa mlangoni, upande wa mali za chama, kuna mstari mmoja mfupi: cherehani 6, shilingi 2,520,000. Mali hiyo ipo. Nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda nyumbani. Imefunikwa vizuri na mifuko ya salfeti, haina vumbi, haina kutu. Na tangu tuipeleke kwa kile kikundi cha akina mama haijashona hata mto mmoja. Tulinunua cherehani za umeme, tukazipeleka kwenye chumba ambacho hakina umeme. Nguzo iko ng'ambo ya barabara, na tangu mwaka huo tunaambiwa umeme utavushwa karibuni. Aliyesaini hundi ni mimi.

Nitarudi hapo. Lakini kwanza niruhusuni nianzie mbali kidogo, maana safari hii ya nguo na Tabora ni ya zamani kuliko chama chetu, kuliko reli, na kuliko hata miembe ile tunayojivunia.

Mtu akisema mitumba leo, mawazo yanakwenda Karume au Manzese. Neno lenyewe limetembea kwa miguu kwenye njia yetu. Wapagazi waliliita mtumba lile furushi la nguo lililokunjwa, likabanwa na kufungwa kamba ili mtu mmoja alibebe begani kutoka Bagamoyo, apite Mpwapwa na Ugogo, afike Unyanyembe, na wengine waendelee hadi Ujiji. Nguo ndiyo ilikuwa fedha. Kulikuwa na merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts kule Marekani, ndiyo maana ya jina lake. Kulikuwa na kaniki iliyotoka India. Ugogo ulilipa hongo kwa nguo, chakula ulinunua kwa nguo na shanga, na mpagazi mwenyewe alipewa posho yake kwa nguo. Shuka ilikuwa yadi 2, doti yadi 4. Mama zetu mpaka leo wakiingia dukani wanaomba doti ya kanga, wala hakuna anayejiuliza neno hilo limetoka wapi.

Kuna hesabu moja ya njia hiyo ambayo mimi kama mhasibu huipenda sana. Mwanzoni mwa 1871, Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kuja bara kumtafuta Livingstone. Akauliza wanaoijua njia: watu 100 wanakula nguo kiasi gani kwa siku? Akaelezwa doti 10. Akapanga anunue doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za vitambaa vya rangi. Jumlisheni. Ni 3,650. Gawanyeni kwa 10. Mnapata 365, siku za mwaka mzima, hakuna kilichozidi wala kupungua. Mwaka uliofuata yeye na Livingstone wakakaa pamoja Kwihara, kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho yetu, na mizigo ya nguo ikahifadhiwa humo humo. Sisi tulikuwa tunaishi ndani ya bajeti ya vitambaa kabla Wizara ya Fedha haijakuwepo.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Kabla merikani haijaenea, Wanyamwezi walilima pamba na kufuma nguo zao wenyewe kwa mitambo ya miti. Richard Burton alipofika Kazeh Novemba 1857 aliikuta kazi hiyo ikiwa hai, akaiandika. Nguo ya mashine kutoka mbali iliishinda kwa bei, na mitambo ile ikanyamaza. Zaidi ya miaka 100 baadaye kiwanda cha nyuzi cha Tabora nacho kikanyamaza, kwa sababu zake nyingine. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iishe; Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara, wengine wakalegea, na Rwanda iliyoshikilia uamuzi wake ikapoteza nafuu ya nguo mwaka 2018. Sisemi hayo ili tulaumiane. Nasema ili mjue kwamba tangu zamani nguo zinafika kwetu zikiwa zimeshafanywa na watu wengine, na swali linalobaki mikononi mwetu ni moja: tunazifanyia nini zikishafika?

Hapo ndipo ninapomkumbuka mama.

Nilikulia Isevya. Baba alipopunguzwa kazini mimi nilikuwa sijaanza sekondari na nilikuwa na wadogo watatu. Mama hakuwa na duka wala shamba la maana. Alikuwa na sindano mbili za kufumia, moja ya ndoano ambayo baba aliichonga kwa spoki ya baiskeli, na jicho. Siku za mnada alikwenda mapema mahali wanapomwaga mitumba chini, akachagua masweta ambayo hakuna mtu angeyavaa: yenye madoa ya mafuta kifuani, yaliyotoboka viwiko, ya saizi za watu ambao sidhani kama wapo Tabora. Wauzaji walimcheka, wakampa kwa bei ya bure. Yeye alikuwa haangalii sweta. Alikuwa anageuza ndani nje, anatazama mshono wa ubavuni.

Nataka niwaeleze kwa nini, maana ndiyo elimu yenyewe. Kuna masweta ya aina mbili. Moja limefumwa kila kipande kwa umbo lake, mkono kivyake, mgongo kivyake, kisha vipande vikaunganishwa kwa uzi. Ukiufumua ule uzi wa kuunganisha, vipande vinaachana vikiwa vizima, na kila kipande ni uzi mmoja mrefu unaojifumua wenyewe. La pili limekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kipana, kisha likapigwa ovaloku. Hilo ukilifumua unapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono, maana kila mstari umekatwa kwenye ukingo. La kwanza mama alilinunua. La pili alilirudisha chini kwa heshima.

Nyumbani kazi ya kufumua ilikuwa yangu. Unaanzia juu, shingoni, kule mfumaji alikomalizia, kwa sababu sweta halikubali kufumuka vizuri kutoka upande lilikoanzia. Mama anavuta, mimi nimenyoosha mikono miwili mbele kama mtu anayepokea mtoto, uzi unazunguka. Mikono ikichoka tunageuza kiti, uzi unazungushwa kwenye egemeo lake. Ukitoka hapo uzi umejikunjakunja kama nywele za mtoto mchanga, haufumiki. Unaufunga sehemu nne usijisokote, unauloweka kwenye maji vuguvugu na sabuni, unautundika kivulini na kuning'iniza chupa ya maji chini yake ili unyooke. Ukikauka unaviringishwa donge. Kuujua kama ni sufu au ni wa plastiki alichoma ncha: wa sufu ulinuka nywele na kuacha jivu, wa plastiki uliyeyuka ukawa kijidonge kigumu. Wa sufu ulikwenda kwenye seti za watoto wachanga, kofia, soksi na kisweta, na yeye alikuwa anakaa nje ya hospitali ya Kitete na kikapu chake, maana hakuna baba anayetoka wodi ya wazazi akiwa na moyo mgumu. Wa plastiki ulikwenda kwenye vitambaa vya makochi, vya meza, na vile vya kufunikia redio, ambavyo enzi hizo nyumba bila navyo ilionekana kama haina mwenyewe.

Alikuwa na daftari. Kushoto jina la mdaiwa, katikati rangi, kulia kiasi. Mtu akilipa alichora mstari kwa penseli nyekundu. Nimesoma chuo kikuu, nimefanya mitihani ya bodi, na nikiwaeleza vijana ofisini maana ya wadaiwa bado naliona daftari lile. Ada yangu ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilipita humo.

Sasa nirudi kwenye cherehani.

Nilipokwenda nyumbani mwaka huu, viongozi wa kikundi walinipokea vizuri, wakanipa kiti na soda, wakanionyesha zile mashine sita. Niliwauliza mnafanya nini siku hizi? Wakatazamana. Mmoja akasema tunakutana Jumanne. Nikauliza mnakutana kufanya nini kama hakuna umeme? Ndipo mama mmoja wa makamo, ambaye nilimwamkia shikamoo na akanijibu marahaba mwanangu bila kuinua macho, akanyanyuka, akaenda uani, akarudi na zulia.

Lilikuwa zulia la mlangoni lakini la maana, urefu wake mtoto angelalia. Chini ni gunia la juti, lile linalofungiwa robota za tumbaku. Juu ni vipande vya fulana vilivyokatwa vyembamba, vikavutwa kupita kwenye matundu ya gunia kimoja kimoja, vikasimama kama manyoya. Katikati kulikuwa na ua la rangi ya machungwa. Hakuna uzi wa dukani hata mmoja. Fulana zilitoka kwenye nguo chakavu za nyumbani kwao, na mengine ni mabaki wanayoyafagia kwenye baraza za mafundi cherehani wa mjini, ambao wanashukuru kufagiliwa.

Akanieleza anavyokata. Fulana hukatwi vipande vya kawaida. Unaondoa shingo na mikono, unabaki na bomba la kifua, kisha unakata ukizunguka kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, mpaka chini. Unapata utepe mmoja mrefu. Ukiuvuta, kingo zake zinajikunja ndani zenyewe na hautoi nyuzi. Shati la kitambaa halifanyi hivyo, linachanika na kutoa manyuzi; hilo wanalipeleka kwenye viraka. Nikamuuliza kwa nini hatumii salfeti chini, si iko tele? Akacheka. Salfeti ikianikwa juani miezi michache inakuwa unga, mteja anakurudishia vumbi. Waliuza mazulia ya salfeti mwaka wa kwanza na jina lao likaharibika sokoni, mpaka leo wanalirudisha kidogo kidogo. Juti inadumu, ila haipatikani kila siku, na iliyotoboka haifai.

Nikafanya kosa la kihasibu. Nikatoa simu, nikaanza kupiga hesabu mbele yao. Zulia unauza shilingi ngapi? Elfu 12. Gunia? Elfu moja. Unabaki na elfu 11. Linachukua muda gani? Jioni nne, kila jioni kama saa nne. Saa 16. Nikamwambia, mama, elfu 11 kwa saa 16 haifiki hata shilingi 700 kwa saa. Hii si biashara, unajiumiza.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akasema: "Mwanangu, hizo saa za jioni ulikuwa na mtu mwingine anazinunua?"

Wenzangu wahasibu waliomo humu wanajua alichonifanyia. Kuna somo zima la gharama ya fursa, nimelilipia ada, na alinifundisha upya kwa sentensi moja, akiwa amesimama. Saa zile baada ya kupika, watoto wamelala, hakuna soko la kuziuza. Kinachomuumiza si shilingi 700. Aliniambia kinachomuumiza ni mkasi. Mkasi wa elfu tatu ukikata fulana kumi unakuwa butu, unaanza kutafuna, kidole gumba kinavimba. Na kinachomuumiza cha pili ni macho, kwa sababu anafanya kazi kwa mwanga wa simu. Mkasi mzuri wa fundi na taa nzuri ya sola vingempa zulia kwa jioni tatu. Hakuna mahali kwenye ombi letu la miaka ile palipoandikwa mkasi. Tuliandika cherehani, kwa sababu cherehani inapiga picha vizuri siku ya kukabidhi.

Nimekaa naye na wenzake siku mbili, na ninawaambia bila kupamba: kikundi hakikufa. Kilichokufa ni mradi wetu. Wao waliendelea na wa kwao kwenye ua, na wakatuficha kwa aibu, wakidhani tutakasirika kwamba hawatumii mashine tulizowapa.

Si kila wanachofanya ni kizuri. Mifuko ya vitambaa wanayoshona kwa mkono ina mishono mipana, ukitia kilo tatu za mchele inafumuka. Na soko hilo lipo: tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila mtu anayekwenda sokoni anahitaji mfuko, na ule mwepesi unaouzwa pale sokoni hauvuki mwezi. Mfuko wa suruali ya jinsi iliyochakaa, wenye bitana ya kanga ya zamani, unaishi miaka. Lakini jinsi haishoneki kwa sindano ya mkono, labda uwe na kidole cha chuma. Hapo ndipo cherehani inapohitajika kweli, na si ya umeme. Inahitajika ile ya kukanyaga kwa miguu, ambayo kila fundi wa barazani anajua kuitengeneza na mkanda wake unapatikana mjini.

Kuna jambo jingine nililisitasita kulisema mbele ya wazee, ila mke wangu amenitazama tangu nianze na ninajua nisipolisema leo sitalala. Kikundi kinataka kushona taulo za kike za kufua, kwa ajili ya wasichana wa shule za jirani. Bajeti ya mwaka 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Ya mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei haikushuka dukani. Mimi nazisoma sheria hizo kazini kila mwaka, lakini kwa mzazi wa kijijini Uyui mwenye mabinti watatu, kodi ikiondoka au ikirudi, pakiti tatu kila mwezi bado ni hesabu ngumu. Binti anabaki nyumbani siku tatu, nne. Akirudi, wenzake wako sura nyingine ya kitabu.

Hapo nimewaambia akina mama, nanyi nawaambia: kwa kazi hii hatutumii matambara. Nimeulizia kwa wauguzi nikaelewa. Kitambaa kinachogusa mwili kiwe pamba mpya, kifulike, kikauke juani kabisa, si kivulini kwa kuona aibu. Mabaki yetu yatashona kifuko cha kuzibebea, chenye kifungo, ili binti aweke kwenye begi lake bila mtu kujua. Kila taka ina mahali pake, na huku si mahali pake. Kwa hiyo kitambaa hicho ni gharama ya fedha taslimu na nimeitenga peke yake. Hamtaikuta ndani ya hesabu ninayoisoma sasa hivi, maana tayari mwanachama mmoja ameahidi kuibeba na ameniomba nisimtaje.

Haya, hesabu yenyewe.

Naomba kibali cha mkutano huu kuuza zile cherehani sita. Fundi mmoja wa mjini amezikagua na yuko tayari kutoa shilingi 150,000 kwa kila moja, jumla 900,000. Tulizinunua kwa 420,000 kila moja. Hasara ni shilingi 1,620,000, nami naomba iandikwe kama ilivyo, kwa jina lake, hasara, kwenye mahesabu ya mwaka ujao, isifichwe chini ya uchakavu. Naijua mbinu hiyo, nisingependa kuitumia kwa fedha za ndugu zangu.

Badala yake, kwa bei nilizoulizia Kariakoo mwezi uliopita: cherehani nne za miguu kwa 280,000 kila moja, 1,120,000. Mikasi kumi mizuri ya fundi kwa 30,000, yaani 300,000. Taa kumi za sola kwa 35,000, yaani 350,000. Majora ya kitambaa cha juti, ili waache kuhangaika na magunia yaliyotoboka, 400,000. Sindano, nyuzi, mikanda, mafuta ya mashine na fundi wa kuzikagua kwa mwaka mzima, 250,000. Jumla ni 2,420,000. Toa 900,000 za mauzo. Tunatafuta 1,520,000. Ni pungufu ya milioni moja kamili kuliko tulichotumia mara ya kwanza kununua vitu vya kufunikwa na salfeti.

Mtauliza, kwa nini wasiende halmashauri? Sheria inataka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Waende, na mimi nitawasukuma waende. Ila mkopo ule unataka kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki, na daftari linaloonyesha kilichoingia na kilichotoka. Usajili wanao. Daftari hawana, wana kumbukumbu tu, na kumbukumbu za watu kumi na wanne hazifanani. Nimeomba likizo ya wiki mbili mwezi wa saba. Nitakwenda kukaa nao na daftari la mistari, kushoto jina, katikati rangi, kulia kiasi, na penseli nyekundu. SIDO wana ofisi pale pale Tabora, nao nitawagongea mlango kuhusu mafunzo ya kumalizia mishono, kwa sababu hilo mimi siwezi kulifundisha.

Kuhusu soko, msinielewe vibaya, sitaki tununue mazulia yao kwa huruma. Mtu akinunua kwa huruma hununua moja. Nimeleta manane, yako kwenye meza ile ya kushoto, bei imeandikwa nyuma. Yapindueni, vuteni utepe kwa nguvu. Ukitoka, usinunue, na uniambie ni zulia lipi ili nirudishe habari kwa aliyelitengeneza. Wameniomba niwaletee lawama. Sifa, walisema, wanazo za kutosha.

La mwisho ni masweta. Najua mtacheka: sweta la nini Dar es Salaam? Lakini kila nyumba humu yenye mtoto wa shule ina sweta la kijani, la bluu au la damu ya mzee lililobana, ambalo hampeani tena kwa sababu mdogo wake anasoma shule ya rangi nyingine. Kipupwe kinaingia Tabora mwezi wa sita, asubuhi zile mnazikumbuka, na watoto wachanga bado wanazaliwa Kitete. Mama yangu macho yamepungua, hafumi tena vitambaa vidogo, ila bado anaweza kugeuza sweta ndani nje na kukwambia kwa kidole tu, bila kulitazama, kama mshono ni wa kufumuka au wa kukatwa. Amekubali kuwa mkaguzi wetu. Ni mkaguzi wa nje, wa kujitegemea, na hatozi ada.

Boksi liko mlangoni karibu na meza ya soda, na jingine nitaliweka ofisini kwa Katibu mpaka mwisho wa mwezi. Mzigo utapanda treni ijayo. Msihangaike kuchambua. Lenye madoa leteni, lililotoboka leteni, lenye mshono wa kukatwa leteni pia, hilo tutalikata vipande likae kwenye zulia. Bahasha za ahadi anazo Mhasibu Msaidizi, yule dada mwenye kitenge cha njano, na anatoa risiti hapo hapo.